Oleg Losev: Mesenja wa Maabara Aliyefungua Siri ya LED, Njaa Ikammaliza Akiwa na Miaka 38

Wasee wa Meru na Embu, hii stori ni yenu. Chukua ka-LED kekundu kwa redio mbovu, peleka kwa fundi wa simu pale Makutano, ashike miguu yake miwili na nyaya za mita. Sasa kalenge jua la saa saba. Hakuna betri, hakuna stima, lakini mita itasoma kama volti 1.5. Manze, taa inatengeneza umeme!

Jamaa aliyetufungulia njia alikuwa Mrusi anaitwa Oleg Losev, mzaliwa wa mji wa Tver, 1903. Digrii hakuwa nayo. Akaingia maabara ya redio ya Nizhny Novgorod kama mesenja, msee wa kutumwa barua. Lakini jioni mabosi wakienda keja, yeye anabaki na mawe yake na waya.

1922, akiwa na miaka 18 tu, akafanya kipande cha jiwe kikuze mawimbi ya redio bila zile balbu za glasi za bei kali. Magazeti ya redio ya Ulaya na Marekani yakamwandika.

Halafu ikakuja ile kubwa. Kaborandamu, jiwe la kunolea visu, ilikuwa inatoa kamwangaza akiipitishia umeme. Mwingereza Henry Round alikuwa ameona hiyo kitu 1907, akaandika kidogo akasonga. Losev hakusonga. Aliweka tone la benzini pale panapowaka, akaona halikauki haraka. So si joto, ni mwanga baridi. 1927 akachapisha kazi yake, na akachukua hataza.

Siri ni hii: ndani ya LED kuna mpaka wa aina mbili za kristali. Umeme ukivuka, mwanga unatoka. Mwanga ukipiga mpaka huo huo, elektroni zinasukumwa na volti inatokea. Fotodiodi imeundwa kufanya hiyo kazi ya pili, na sola ni seli kubwa za aina hiyo zimeunganishwa. Ka-LED kako hakawezi chaji simu, mkondo wake ni mdogo sana. Lakini kanuni ni moja.

1938 walimpa digrii ya juu bila kuandika tasnifu, kwa sababu ya kazi alizochapisha. Hakukula matunda sana. Vita vikaja, jeshi la Ujerumani likazingira Leningrad, chakula kikaisha. Losev akafa njaa Januari 1942. LED nyekundu ya kisasa ikakuja 1962, miaka 20 baadaye.

Na huku kwetu? 1984 shule ya Karamugi, upande wa Meru, ilifungiwa sola na injinia Mmarekani Harold Burris, mbadala wa jenereta ya dizeli. Baada ya hapo wakulima wa kahawa wa hizi sehemu wakaanza kununua za kwao, stima ya serikali ilikuwa bado ni ndoto.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo iligoma. Matanga mawili sasa nimeulizwa na wazee nitafanya nini na maisha bila karatasi. Sina jibu poa bado. Lakini jana nilipanga LED nne kwa dirisha, mguu kwa mguu, mita ikapita volti 5. Jaribu yako, utuambie umepata ngapi.