Munganga Paul, mateka wa Stanleyville

Asubuhi ya tarehe 24 Novemba 1964, katika barabara moja ya hapa mjini Kisangani, wakati huo bado Stanleyville, alianguka munganga mmoja wa Marekani. Alikuwa na miaka 36. Siku chache baadaye picha yake ilikuwa kwenye jalada la gazeti la Time, na watu ambao hawajawahi kusikia jina la muji wetu wakalisikia kwa sababu yake. Aliitwa Paul Carlson. Wagonjwa wake wa Ubangi walimwita Munganga Paul, na jina hilo ndilo tunalopenda kutumia hapa.

Tunasimulia maisha yake sababu wachimbaji wanaotusoma ni watu wa safari. Leo uko Banalia, kesho Bafwasende, mwaka kesho umevuka mpaka kufuata almasi Angola. Mutu wa safari anapaswa kujua kitu kimoja: akikamatwa kule, nani atajua kama amekamatwa? Maisha ya Munganga Paul yanagusa neno hilo kila upande.

Alizaliwa tarehe 31 Machi 1928, Culver City, katika jimbo la California. Alisoma chuo kikuu cha Stanford, kisha akasomea uganga kule Washington na kumaliza mwaka wa 1956. Akaoa, akazaa watoto wawili, akaanza kazi ya kutibu huko huko California. Angeweza kukaa pale, akazeeka na franga zake bila mtu kumuuliza neno.

Lakini mwaka wa 1960 Kongo ilipata uhuru. Wasomaji wazee wanajua hali ilivyokuwa. Siku ile ya Juni 30 nchi nzima haikuwa na hata munganga mmoja Mukongomani aliyemaliza chuo kikuu. Walikuwako wasaidizi wa waganga tu, watu wa mayele na wa kazi nyingi, lakini Wabelgiji hawakuwafungulia mulango wa mwisho. Fujo ilipoanza, waganga Wabelgiji wakaondoka kwa wingi, lopitalo zikabaki na wauguzi peke yao. Makanisa ya Kiprotestanti yakapiga mbiu Marekani na Ulaya kutafuta waganga wa kuja kusaidia kwa miezi michache. Carlson akakubali. Alifika mwaka wa 1961, akatumwa Ubangi, kaskazini kabisa.

Miezi ikaisha, akarudi kwao. Kumbe moyo ulibaki huku. Mwaka wa 1963 akaja tena, safari hii na bibi yake Lois na watoto, akitumwa na kanisa lake la Evangelical Covenant. Wakawekwa Wasolo, mahali padogo karibu na mpaka wa Afrika ya Kati. Nani asiyejua lopitalo ya porini? Munganga mmoja kwa kila kitu: kupasua, kuzalisha, kung'oa meno, kutibu ukoma na homa, na jioni kutengeneza mashini ya umeme iliyokufa. Tuseme ukweli, kwa watu wa Wasolo munganga huyu hakuwa Amerika, alikuwa munganga tu. Kwa watu wa vita ilikuwa namna ingine.

Mwaka wa 1964 vita vya Simba vilianza mashariki na kupanda kwa haraka kubwa. Mwanzoni mwa Agosti Simba wakaingia Stanleyville, wakafanya muji huu kichwa cha serikali yao. Wakubwa wao walikuwa Christophe Gbenye, Gaston Soumialot na Nicolas Olenga. Marekani ilikuwa upande wa serikali ya Léopoldville ya Moïse Tshombe: iliipa ndege, na marubani wa baadhi ya ndege zile walikuwa Wakuba waliokimbia nchi yao, wanalipwa na CIA. Ndege zile zilikuwa zinapiga Simba kutoka juu. Basi kila Mmarekani aliyekuwa chini, awe munganga, awe mwalimu wa dini, alianza kuonekana ndugu wa wale walio juu. Mzungu mwenye redio ya kuzungumza na misioni ingine alishukiwa mara moja kwamba anaita ndege.

Hapa tuache Wasolo kidogo, turudi mjini, sababu habari ya munganga haieleweki bila habari ya konsuli.

Marekani ilikuwa na ubalozi mdogo hapa Stanleyville. Balozi mkubwa anakaa katika muji mkuu na kuzungumza na serikali. Konsuli anakaa karibu na watu wa nchi yake. Anaandika majina yao na mahali wanapokaa. Anaandika mtoto anayezaliwa ugenini, anatoa paspoti mupya kwa aliyepoteza yake, anamtembelea aliyefungwa gerezani, anapeleka habari nyumbani mutu akifa. Vita ikikaribia, anawaambia waondoke, na kuwatafutia njia. Hawezi kuvunja sheria ya nchi ya watu wala kumtoa mwenye kosa katika gereza. Lakini anaweza kusema: huyu ni mutu wetu, tunajua kama yuko hapa. Mwaka mmoja tu mbele ya mambo haya, mwaka wa 1963, mataifa yalikuwa yamekutana Vienna kuandika mapatano juu ya kazi hiyo, na ndani yake iko haki ya mgeni aliyekamatwa kutaka konsuli wake ajulishwe.

Konsuli wa Stanleyville siku zile alikuwa Michael Hoyt, na pamoja naye Wamarekani wanne wa kazi ya ubalozi. Tarehe 5 Agosti Simba waliivamia ofisi. Wale watano wakajifungia katika chumba cha chuma cha kutunzia karatasi za siri, na risasi na vitako vya bunduki vikapigwa kwenye mulango. Mulango haukufunguka. Lakini kutoka siku ile hawakuwa watu huru tena. Walihamishwa hapa na pale, wakapigwa, wakafungwa katika gereza kuu, na mara moja walilazimishwa kutafuna vipande vya bendera ya nchi yao. Siku 111 zilipita hivyo. Fikiri basi: mutu ambaye kazi yake ni kuwalinda wengine, yeye ndiye wa kwanza kufungwa. Daftari la majina liko, mwenye kalamu hayuko.

Sasa turudi Wasolo. Mwezi wa Septemba Simba wakakaribia Ubangi. Munganga Paul akavusha bibi yake na watoto mto, akawaweka Afrika ya Kati salama. Angeweza kukaa nao. Alirudi Wasolo, sababu aliacha wagonjwa kitandani. Sisi katika ofisi ya gazeti tumebishana sana juu ya kurudi kule. Mmoja wetu anasema baba wa watoto wawili hana ruhusa ya kufanya vile. Mwingine anasema munganga anayekimbia na kuacha tumbo wazi juu ya meza hakuwa munganga tangu zamani. Hatukuelewana, na tunawaachia baba na mama wasomaji waamue nyumbani kwao.

Simba walimkuta Wasolo na kumkamata. Akapigwa, akapelekwa mbali na lopitalo yake, kwanza Buta, kisha mwishoni mwa Oktoba akaletwa Stanleyville. Na hapa munganga akageuka kitu kingine. Redio ya Simba ikatangaza kwamba amekamatwa meja wa jeshi la Marekani, mpelelezi, jina lake Carlson. Hakuwa meja na hakuwa mpelelezi. Lakini serikali iliyokuwa inapoteza vita ilihitaji Mmarekani mkubwa wa kuonyesha, na munganga wa porini hatoshi, meja anatosha. Ikatangazwa kwamba amehukumiwa kufa. Kisha siku ikasogezwa. Kisha ikasogezwa tena.

Juu ya nini kusogeza? Kwa kuwa maisha yake yalikuwa yamekuwa bei. Nairobi, Jomo Kenyatta alikuwa anaongoza kamati ya Umoja wa Afrika iliyotafuta amani ya Kongo, na pale Thomas Kanza wa upande wa Simba alikutana na balozi wa Marekani, William Attwood. Simba walitaka ndege zisimame na jeshi la Tshombe na askari wa kukodiwa warudi nyuma. Marekani ilitaka mateka waachiwe kwanza. Mazungumzo yakakwama. Wakati huo huo, katikati ya Novemba, Hoyt, Carlson na Wamarekani wengine walipelekwa mbele ya mnara wa Lumumba, umati ukapiga makelele wauawe, na Gbenye akaja kusema bado.

Kwenye mnara ule ule, miezi iliyotangulia, Wakongomani wengi walikuwa wameuawa mbele ya watu: makarani, waalimu, watu wa siasa, yeyote aliyeitwa mwenye mayele ya wazungu. Hao hawakuwa na konsuli, sababu walikuwa nyumbani kwao. Hakuna gazeti la ng'ambo lililoweka picha zao kwenye jalada. Tunaandika habari ya Munganga Paul kwa heshima, lakini hatuwezi kuandika kama vile yeye alikufa peke yake mwaka ule. Na muji ulipochukuliwa tena, wengine wengi wakauawa na upande wa pili, wakiitwa Simba, bila korti.

Hoyt na Carlson, waliofungwa sasa pamoja, waliwekwa na mateka wengine katika hoteli Victoria. Konsuli na raia wake mwishowe walikuwa katika jengo moja, lakini hakuna aliyeweza kumsaidia mwenzake zaidi ya kumpa moyo.

Alfajiri ya Novemba 24 ndege tano za Marekani aina ya C-130 zilipita juu ya Simi-Simi na kuangusha maparakomando Wabelgiji zaidi ya 300, chini ya Kanali Charles Laurent. Walikuwa wametoka Ubelgiji, wakapitia kisiwa cha Ascension na Kamina. Mjini Simba waliposikia ndege, waliwatoa mateka wa Victoria, karibu watu 250, wanaume, wanawake na watoto, wakawatembeza katika barabara. Wakawaambia wakae chini. Milio ya bunduki ya maparakomando ikawa inakaribia. Kisha Simba wakaanza kupiga risasi kati ya watu waliokaa.

Walioweza kukimbia walikimbia. Munganga Paul na wenzake wachache walikimbilia nyumba iliyokuwa karibu, yenye ukuta mufupi mbele ya baraza. Mwenzake mmoja, mumisionari, alikwisha kuruka, akanyoosha mkono kumvuta. Munganga alikuwa anapanda ukuta risasi zilipomkuta. Maparakomando walifika dakika chache baadaye. Dakika chache! Barabarani walikuta maiti na majeruhi wengi, kati yao Mmarekani mwingine, mumisionari Phyllis Rine. Konsuli Hoyt na watu wake wanne walitoka wazima.

Mpaka leo kuna wanaosema kushuka kwa maparakomando ndiko kulikoua mateka, na wengine wanasema bila wao wangekufa wote. Sisi tunaona kwamba hukumu ya kifo ilikuwa imekwisha kutangazwa mbele ya ndege kufika, na kwamba zaidi ya wageni elfu moja walitolewa hapa wakiwa hai katika siku zile. Lakini tunaona vile vile kwamba ndege zilizookoa wageni hazikubakia kulinda wenyeji.

Maiti ya munganga haikurudishwa California. Ilipelekwa Ubangi, ikazikwa Karawa, kati ya watu aliowatibu. Bibi yake aliandika kitabu cha maisha yake, akakiita kwa jina lile la wagonjwa, na mfuko wenye jina la Carlson ulianzishwa. Pesa zake zilisaidia kujenga lopitalo ya Loko, kule kule Ubangi, iliyotibu watu ambao hawakumwona kwa macho.

Ubalozi mdogo wa Marekani hauko tena Kisangani. Mmarekani mwenye shida hapa anatazama Kinshasa. Na Mukongomani mwenye shida Angola? Mwaka wa 2018, mwezi wa Oktoba, mamia ya maelfu ya watu wetu, wengi wao wachimbaji na familia zao, walifukuzwa kutoka Lunda wakarudi Kasai kwa mguu na kwa malori, wengine bila karatasi hata moja. Wengi hawakuwa wameandikwa kwa konsuli yeyote wa Kongo. Wengine waliogopa kujiandikisha, juu hawakuwa na paspoti wala ruhusa ya kuchimba. Wengine hawakujua kama kazi hiyo iko. Ndiyo maana familia nyingi ziliuliza habari za mutu wao barabarani, lori kwa lori, na si mezani pa ofisi yenye daftari.

Kwa wale wanaojiandaa kuvuka msimu huu: jina lako kamili, kijiji cha wazazi wako na namba ya simu ya nyumbani viandikwe mara mbili, karatasi moja ibaki na mama au bibi yako, ingine ipelekwe kwa ubalozi mdogo wa Kongo ulio karibu na mahali unapochimba.