MWANA WA MWASHI ALIYEIKAMATA PASAKA

Krismasi ni Desemba 25, hilo halina mjadala. Lakini Pasaka! Mwaka 2024 ilikuwa Machi 31, mwaka 2025 ikaruka hadi Aprili 20. Sababu ni kwamba huwekwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21, kwa hesabu ya Kanisa. (Idd ni hadithi nyingine, hiyo hungoja mwezi kuandama.) Aliyetupa njia fupi ya kuikamata Pasaka ni Carl Friedrich Gauss, na leo nataka niwasimulie habari zake.

Gauss alizaliwa mwaka 1777 mjini Brunswick, Ujerumani. Babake alikuwa mtu wa vibarua: leo mwashi, kesho mtunza bustani, kesho kutwa mchinjaji. Mamake, Dorothea, hakujua kuandika, na tarehe aliyomzaa mwanawe hakuikumbuka. Alichokumbuka ni kuwa ilikuwa Jumatano, siku nane kabla ya Sikukuu ya Kupaa kwa Bwana. Basi, hayo tu! Na sikukuu hiyo nayo huifuata Pasaka, haina tarehe yake maalum. Wengi wetu tuna nyanya zetu waliozaliwa mwaka wa nzige au wa njaa fulani, kwa hivyo jambo hili si geni kwetu.

Shuleni, inasimuliwa kuwa mwalimu Büttner aliwaambia watoto wajumlishe namba zote kutoka 1 hadi 100, labda apate kupumzika kidogo. Wenzake hata hawajatia kalamu wino, Gauss keshaleta jibu: 5050. Aliona kwamba 1 na 100 ni 101, 2 na 99 pia ni 101, na jozi kama hizo ziko 50. Hata hivyo akili hailipi karo, na sisi wa shule za kutwa twalijua hilo vizuri. Bahati yake ni kwamba mtawala wa Brunswick, Duke Carl Wilhelm Ferdinand, alisikia habari zake akamlipia masomo. Akaenda Chuo Kikuu cha Göttingen mwaka 1795. Mwaka uliofuata, hata hajafikisha miaka 19, akathibitisha kuwa umbo lenye pande 17 zilizo sawa laweza kuchorwa kwa rula na bikari peke yake. Tangu enzi za Wayunani hakuna aliyekuwa amejua hilo.

Mwaka 1800 ndipo alipochapisha kanuni yake ya Pasaka. Chukueni kalamu tuijaribu kwa mwaka wa 1777. Gawa 1777 kwa 19, baki ni 10. Gawa kwa 4, baki ni 1. Gawa kwa 7, baki ni 6. (Ile 19 ni kwa sababu kila baada ya miaka 19 mwezi mpevu hurudia tarehe zake karibu zile zile, 4 ni ya mwaka mrefu, 7 ni ya juma.) Sasa zidisha 10 kwa 19, ongeza 23, gawa kwa 30: baki ni 3. Kisha mara mbili ya 1, mara nne ya 6, mara sita ya 3, jumlisha na uongeze 3. Utapata 47, gawa kwa 7, baki ni 5. Mwisho, 22 jumlisha 3 na 5, ni 30. Pasaka ilikuwa Machi 30! Kupaa ni siku ya 39 baada yake, yaani Mei 8. Rudi nyuma siku nane: Jumatano, Aprili 30. Kumbe mama alikumbuka sawasawa.

Kwa miaka ya 1900 hadi 2099, badala ya 23 na ile 3 ya kuongeza, tumia 24 na 5. Jibu likipita 31, toa 31, hiyo ni Aprili. Kompyuta huipenda sana kazi hii maana ni kugawa na kutazama baki tu, na katika lugha nyingi za programu baki hupatikana kwa alama ya %. Ila mwandika programu asisahau kwamba jibu likiwa Aprili 26 hurudishwa Aprili 19. Jaribuni mwaka 1981 mtaona. Iko pia miaka michache ambapo Aprili 25 huwa Aprili 18.

Kanuni ya kwanza ilikuwa na kasoro iliyohusu miaka ya mbali mno. Aliyeigundua ni mwanafunzi wake, Peter Paul Tittel, naye Gauss akairekebisha mwaka 1816 na kumshukuru waziwazi. Mwanafunzi, jamani!

Mwaka 1807 Gauss alifanywa mkuu wa kituo cha kuchunguza nyota, Göttingen. Dorothea alihamia kwake mwaka 1817, akapofuka, na mwanawe akamtunza hadi alipofariki mwaka 1839. Gauss mwenyewe alifariki Februari 23, 1855, akiwa na miaka 77.