Mortimer Wheeler

Sir Robert Eric Mortimer Wheeler (10 Septemba 1890 – 22 Julai 1976) alikuwa mwanaakiolojia na mwanajeshi kutoka Uingereza. Anajulikana kwa kuweka utaratibu mkali wa kuchimba maeneo ya kale, kwa kuongoza Idara ya Akiolojia ya Uhindi, na kwa kuwa miongoni mwa watu wa kwanza waliowafanya wananchi wa kawaida waipende akiolojia kupitia televisheni. Baadhi ya maelezo yake kuhusu vitu alivyofukua yamekataliwa na wataalamu waliomfuata, lakini namna yake ya kuchimba na kuweka kumbukumbu ilifundishwa kwa miaka mingi katika nchi nyingi.

Maisha ya awali

Wheeler alizaliwa mjini Glasgow, Uskoti. Baba yake alikuwa mwandishi wa habari, na familia ilihama mara kadhaa: kwanza Edinburgh, kisha eneo la Bradford, na mwaka 1905 London. Alisoma lugha na maandiko ya Wagiriki na Waroma wa kale katika University College London. Mwaka 1913 aliajiriwa na tume ya kifalme iliyoorodhesha majengo ya kihistoria ya Uingereza. Mwaka 1914 alimwoa Tessa Verney, ambaye alikuja kuwa mwanaakiolojia hodari. Walipata mtoto mmoja, Michael.

Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa afisa wa mizinga na alipigana Passchendaele mwaka 1917. Alitunukiwa nishani ya Military Cross kwa ushujaa. Kabla ya vita alikuwa mmoja wa wanafunzi watano wa chuo kikuu waliochimba pamoja huko Wroxeter. Vita vilipokwisha, yeye peke yake alikuwa hai. Akiolojia ya Uingereza ilikuwa imepoteza vijana wake, na kufundisha kizazi kipya kukawa sehemu kubwa ya kazi yake.

Kazi nchini Uingereza

Mwaka 1920 alikwenda Cardiff kufanya kazi katika Makumbusho ya Taifa ya Welisi, na mwaka 1924 akawa mkurugenzi wake. Akiwa huko, yeye na Tessa walichimba ngome za Waroma za Segontium na Brecon Gaer. Mwaka 1926 alihamia Makumbusho ya London. Kazi ya kufukua uwanja wa michezo wa Waroma huko Caerleon, iliyokuwa imeanza, ilisimamiwa na Tessa.

Kati ya miaka 1930 na 1933 walichimba Verulamium, mji wa Kiroma karibu na St Albans. Kuanzia mwaka 1934 hadi 1937 ilifuata kazi kubwa zaidi: Maiden Castle katika Dorset, ngome ya Zama za Chuma iliyozungukwa na mahandaki na kuta ndefu za udongo. Wheeler aliwakaribisha wageni na waandishi wa habari kwenye machimbo, akaweka watu wa kuwaeleza kinachoendelea. Aliamini kwamba kazi inayotegemea michango ya wananchi lazima ielezwe kwa wananchi.

Tessa alifariki ghafla mwezi Aprili 1936 baada ya upasuaji. Mwaka uliofuata Taasisi ya Akiolojia ya London ilifunguliwa. Wote wawili walikuwa wameipigania kwa miaka mingi ili vijana wapate mahali pa kujifunza kazi hii.

Utaratibu wa kuchimba

Wachimbaji wengi wa zamani walitafuta tu vitu vizuri na kuta. Wheeler alifuata mfano wa Jenerali Pitt Rivers wa karne ya 19, aliyesisitiza kwamba kila kitu kina thamani endapo mahali kilipotoka panajulikana. Eneo liligawanywa katika miraba, na kati ya mraba mmoja na mwingine iliachwa kingo ya udongo isiyochimbwa. Ubavu wa kingo hiyo ulionyesha tabaka za udongo, la chini likiwa la zamani kuliko la juu, isipokuwa pale ambapo mashimo yalichimbwa baadaye. Kila tabaka lilipewa namba, likachorwa na kuelezwa, na kila kigae kiliandikwa tabaka lake. Mwanafunzi wake Kathleen Kenyon aliuendeleza utaratibu huu, na ndiyo maana huitwa njia ya Wheeler na Kenyon.

Uhindi

Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wheeler alipigana Afrika Kaskazini, ikiwemo El Alamein, na baadaye Italia, akafikia cheo cha brigedia. Mwaka 1944 alikwenda Uhindi kuwa mkurugenzi mkuu wa Idara ya Akiolojia, kazi aliyoifanya hadi 1948. Alifungua mafunzo ya uchimbaji huko Taxila, ambako leo ni Pakistan, na wengi waliopita mikononi mwake waliongoza akiolojia ya nchi hizo baada ya uhuru.

Mwaka 1945 alichimba Arikamedu, karibu na Pondicherry, akapata vyombo vya udongo vilivyotengenezwa Italia. Kwa kuwa umri wa vyombo hivyo ulijulikana, vitu vya kienyeji vilivyolala navyo katika tabaka moja viliweza kupewa tarehe pia. Hivyo historia ya kusini mwa Uhindi ilipata kalenda ya kuanzia.

Televisheni

Kuanzia mwaka 1952 Wheeler alionekana katika kipindi cha BBC kilichoitwa Animal, Vegetable, Mineral?, yaani mnyama, mmea au madini. Wataalamu walipewa kitu kutoka makumbusho, wakatakiwa kusema ni nini, kinatoka wapi na ni cha zamani kiasi gani. Mwenyekiti alikuwa Glyn Daniel. Wheeler, kwa masharubu yake na maneno yake ya kuchekesha, alichaguliwa kuwa mtu mashuhuri wa televisheni wa mwaka 1954. Vipindi vya baadaye, kama Time Team kilichoanza 1994 na kuwaonyesha watazamaji uchimbaji wa siku tatu katika sehemu mbalimbali za Uingereza, vilipita katika njia iliyokwisha kufunguliwa.

Afrika ya Mashariki

Mwaka 1955 Wheeler alitembelea pwani ya Tanganyika hadi Kilwa. Alistaajabia wingi wa vigae vya vyombo vya China vilivyotapakaa kwenye magofu, akaona kwamba vingeweza kusaidia kutambua umri wa miji ya Waswahili, kama vyombo vya Italia vilivyosaidia Arikamedu. Akiwa katibu wa British Academy, alisaidia kuanzishwa kwa taasisi ya Waingereza ya historia na akiolojia katika Afrika ya Mashariki. Mkurugenzi wake Neville Chittick alichimba Kilwa Kisiwani kuanzia miaka ya 1960. Watafiti wa siku hizo walitilia mkazo mno wageni kutoka ng'ambo. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha wazi mizizi ya Kiafrika ya miji hiyo.

Tathmini

Wheeler alipenda masimulizi ya kusisimua. Katika makaburi ya Maiden Castle alikuta mifupa yenye majeraha, akasimulia kwamba hao walikuwa watetezi waliouawa na jeshi la Vespasian mwaka 43 BK. Wataalamu wa leo wanaona kwamba watu hao walizikwa kwa uangalifu na kwamba vifo vyao vilitokea nyakati tofauti. Vilevile wazo lake kwamba Mohenjo-daro uliangamizwa na Waarya wavamizi limeachwa, kwa kuwa mifupa iliyotajwa haikuwa ya wakati mmoja. Baadhi ya waliofanya kazi naye walimwona mkali na mwenye kujikweza, na mwenendo wake kwa wanawake umelaumiwa.

Hata hivyo, huko Maiden Castle marekebisho yaliwezekana kwa sehemu kubwa kwa sababu yeye mwenyewe alichora na kuchapisha alichokikuta. Uchimbaji huharibu ushahidi wake. Kisichoandikwa siku hiyo hakiwezi kuchunguzwa upya. Kumbukumbu zake ziliwapa wengine uwezo wa kumpinga.

Wheeler alipewa cheo cha Sir mwaka 1952. Alifariki Leatherhead, Surrey, akiwa na umri wa miaka 85.