Carey Francis: Mwalimu aliyebebwa na wanafunzi wake

MWALIMU Edward Carey Francis alipofariki dunia jijini Nairobi mnamo Julai 27, 1966, hakuacha mke wala mtoto. Jeneza lake lilibebwa na wanafunzi wake wa zamani, watu wazima waliokuwa wamewahi kusimama mbele yake wakiwa wavulana wa kaptura, wakikaguliwa kucha na usafi wa mabweni.

Wakati wa msiba huo ulikuwa mgumu. Machi mwaka huo, mkutano wa chama cha KANU uliofanyika Limuru ulikuwa umefuta cheo cha makamu wa rais wa chama kilichoshikiliwa na Jaramogi Oginga Odinga. Aprili, Odinga alijiuzulu wadhifa wa Makamu wa Rais wa nchi na kujiunga na upinzani. Juni ukafanyika uchaguzi mdogo uliowatenganisha hadharani watu waliokuwa wamepigania uhuru bega kwa bega. Odinga alikuwa amesoma Maseno na kisha Alliance. Waliobaki serikalini, miongoni mwao James Gichuru, Njoroge Mungai, Julius Kiano na Mbiyu Koinange, nao walikuwa wamepitia Alliance. Siasa ilikuwa imewagawa watu ambao shule ilikuwa imewafanya ndugu.

Kisa cha mzungu huyo aliyekuja kufundisha hesabu magharibi mwa Kenya ndicho pia kisa cha jinsi undugu huo ulivyojengwa.

Francis alizaliwa London Septemba 1897. Alisoma katika shule ya William Ellis, akapigana katika Vita Vikuu vya Kwanza akiwa afisa wa kikosi cha mizinga, na vita vilipomalizika akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge. Huko akang'aa katika hisabati kiasi cha kupewa nafasi ya ualimu katika chuo cha Peterhouse. Mwaka 1928 kilitoka kitabu cha mazoezi ya hisabati alichokiandika pamoja na J. E. Littlewood, mmoja wa wanahisabati waliokuwa wakiheshimika zaidi duniani. Mtu wa kawaida angeona kwamba hapo maisha yamekwisha kunyooka: heshima, mshahara, na makazi ya chuo hadi uzeeni.

Mwaka huo huo wa 1928, Francis aliacha yote hayo na kupanda meli kuja Kenya chini ya Shirika la Misheni la Kanisa la Uingereza, lililojulikana zaidi kwa kifupi cha CMS. Alipelekwa Maseno, shule iliyoanzishwa mwaka 1906 karibu na mstari wa ikweta, si mbali na Kisumu. Alikuwa na umri wa miaka 31.

Maseno haikuwa Cambridge. Wavulana wengi walitoka katika nyumba ambazo hapakuwa na mtu aliyejua kusoma, na baadhi walitembea masafa marefu kufika shuleni. Francis hakuwapunguzia kazi kwa sababu hiyo. Aliwadai hesabu sahihi, mwandiko safi, sala kila siku na jasho katika uwanja wa kandanda, mchezo alioupenda tangu utotoni. Alikuwa mkali. Waliomwogopa walikuwa wengi kuliko waliompenda, angalau katika muhula wa kwanza. Vitabu vyake vya hesabu vya shule za msingi vilienea Afrika Mashariki, na vizazi vya watoto ambao hawakumwona kamwe walijifunza kujumlisha na kutoa kupitia kurasa zake.

Miongoni mwa waliopita mikononi mwake Maseno ni Odinga. Baada ya kusoma Alliance na Makerere, Odinga alirudi Maseno akiwa mwalimu, na katikati ya miaka ya 1940 yeye na wenzake walianza kuchanga akiba ndogo ndogo. Mbegu hiyo ndiyo iliyozaa, mwaka 1947, shirika la biashara la Luo Thrift and Trading Corporation, lililojenga jumba la Ramogi mjini Kisumu. Hakuna mtu aliyeliita shirika hilo chama cha wanafunzi wa zamani, wala halikuwa hivyo rasmi. Lakini si rahisi kumshawishi mtu akukabidhi fedha zake katika koloni ambamo Mwafrika hakukopeshwa na benki. Kuaminiana kulihitaji watu waliokwisha kujuana, na shule ilikuwa mojawapo ya mahali ambapo watu walijuana.

Mwaka 1940 Francis alihamishiwa Alliance High School, Kikuyu, kumrithi mwalimu mkuu wa kwanza, G. A. Grieve. Shule hiyo ilikuwa imefunguliwa Machi 1, 1926 na muungano wa misheni za Kiprotestanti, na ilikuwa ya kwanza nchini kuwapa Waafrika elimu ya sekondari. Kwa kuwa nafasi zilikuwa chache mno, kila darasa lilikusanya wavulana kutoka pande zote za nchi. Mvulana wa Pwani alilala kitanda cha jirani na mvulana wa Nyanza. Mkamba na Mkikuyu walisukuma toroli moja la mchanga.

Jambo hilo huonekana dogo leo. Katika Kenya ya wakati huo lilikuwa kubwa, maana serikali ya kikoloni haikuruhusu vyama vya siasa vya Waafrika vilivyovuka mipaka ya makabila kukua kwa raha, na kila wilaya ilitawaliwa kana kwamba ni nchi yake. Bweni la Alliance lilikuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo vijana wa nchi nzima walikula chungu kimoja kwa miaka.

Matunda yake yalianza kuonekana mapema. Oktoba 1944, Eliud Mathu, aliyesoma na kufundisha Alliance, aliteuliwa kuwa Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwezi huo huo kikaundwa chama cha Kenya African Study Union, ambacho baadaye kiliitwa KAU. Gichuru, naye aliyekuwa mwanafunzi na kisha mwalimu Alliance, alikiongoza tangu 1945 hadi alipomwachia Jomo Kenyatta nafasi hiyo mwaka 1947. Mathu na Gichuru walikuwa zao la enzi za Grieve. Francis aliwakuta tayari wana sauti, na yeye binafsi hakupenda walimu wachanganye chaki na siasa.

Hapo ndipo penye utata wa maisha yake. Aliamini kwamba Mwafrika anaweza lolote ambalo Mzungu anaweza, na alilithibitisha kwa matokeo ya mitihani ya Cambridge ambayo vijana wake waliifanya sawa na watoto wa Uingereza. Lakini alitaka uhuru uje polepole, baada ya tabia kujengwa, na alidhani wakati ulikuwa mwingi kuliko ulivyokuwa. Wanafunzi wake walijifunza somo la kwanza vizuri kiasi cha kutokuwa na subira na la pili.

Jinsi alivyoshikamana nao baada ya kuondoka shuleni ndiyo siri ya ushawishi wake. Siku hizo barua ya mwalimu mkuu ilikuwa ufunguo. Bila barua hiyo kijana hakuingia Makerere, hakupata kazi ya ukarani serikalini, hakuaminiwa kupewa darasa la kufundisha. Francis aliziandika barua hizo kwa wingi, na hakumsifu asiyestahili. Alikumbuka majina. Mtu aliyeondoka akiwa kijana mwembamba angerudi baada ya miaka akiwa na mke na watoto, naye mzee angemwita kwa jina na kumuuliza habari za ndugu yake.

Wanafunzi wenyewe nao walifuatana. Aliyetangulia Makerere alimpokea aliyefuata na kumwonyesha njia. Aliyepata kazi ya ualimu katika wilaya yake alimtafuta mvulana mwerevu kijijini na kumwandaa kwa mtihani wa kuingia Alliance. Aliyekuwa na mshahara alisaidia karo ya mdogo wa rafiki yake. Yaliyofanywa baadaye na vyama vya wanafunzi wa zamani kwa katiba, hazina na mikutano ya mwaka yalianzia katika adabu hizo za kawaida, ambazo hazikuandikwa popote.

Ni haki pia kusema upande wa pili. Mtandao huo uliwanufaisha wachache. Maelfu ya watoto wa Kenya hawakupata hata kuliona lango la shule ya sekondari, na mlango ulipofunguliwa na mtu anayekujua, mwingine asiyejulikana alibaki nje. Wasichana walisubiri hadi 1948 kuanzishiwa shule yao jirani na ya wavulana, ile ambayo leo ni Alliance Girls. Manung'uniko kwamba nchi iligawanywa na watu waliosoma pamoja yalianza kabla ya bendera ya mkoloni kushushwa, na hayakuwa bila msingi.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja Oktoba 20, 1952, gavana alipotangaza Hali ya Hatari. Viongozi wa KAU walikamatwa usiku huo. Kati ya 5 walioshtakiwa Kapenguria pamoja na Kenyatta, Paul Ngei alikuwa amesoma Alliance na Achieng' Oneko alikuwa amesoma Maseno. Shule ya Kikuyu ilikuwa katikati kabisa ya eneo la vita. Wapo wanafunzi waliokuwa na kaka msituni na wajomba katika kikosi cha walinzi wa serikali, wote wakikaa dawati moja.

Francis aliwapinga Mau Mau bila kuficha. Lakini aliyaona pia maovu ya majeshi ya serikali, akayaandika na kuyalalamikia kwa wakubwa, jambo ambalo walowezi wengi hawakumsamehe. Mwaka 1955 alichapisha katika jarida la African Affairs makala kuhusu matatizo ya Kenya kama yalivyoonekana na mwalimu anayeishi Ugikuyuni. Ndani ya ua wa shule alihakikisha masomo hayasimami.

Mwaka huo wa 1955 aliingia Alliance kijana kutoka Limuru ambaye kaka yake alikuwa msituni. Aliporudi nyumbani likizo ya kwanza alikuta kijiji chake kimebomolewa na watu wake wamehamishiwa kwingine. Kijana huyo, Ngugi wa Thiong'o, alisimulia miaka hiyo katika kitabu cha kumbukumbu alichokitoa mwaka 2012, miaka 13 kabla ya kifo chake. Ngugi aliutumia umri wake mwingi kupinga elimu ya kikoloni na lugha yake, lakini hakumchora Francis kama shetani. Alimchora mtu aliyemfungulia mlango na kumchanganya akili kwa wakati mmoja. Miongoni mwa walimu wa Kiafrika waliofundisha chini ya Francis katika miaka hiyo alikuwa Bethwell Ogot, ambaye alifundisha hisabati kabla ya kuwa mwanahistoria mashuhuri.

Uchaguzi wa kwanza wa wajumbe Waafrika ulipofanyika Machi 1957, Odinga na Ronald Ngala walikuwa miongoni mwa 8 walioshinda, wote wawili wakiwa wamesoma Alliance. Miaka 3 baadaye mmoja alikuwa KANU na mwingine akaongoza KADU. Kwa hiyo ubishi kuhusu Kenya itakuwa nchi ya namna gani, ya serikali moja yenye nguvu au ya majimbo, ulikuwa kwa sehemu ubishi wa watu wa shule moja. Walishindana vikali. Hata hivyo mwaka 1964 KADU ilivunjwa na wabunge wake wakavuka kujiunga na serikali. Waliokuwa wakibishana walijuana vya kutosha kujua mlango wa nani wa kubisha.

Francis aliondoka Alliance mwaka 1962, baada ya miaka 22. Angeweza kurudi Uingereza na kupumzika. Alibaki. Alikwenda kufundisha katika shule ya sekondari ya Pumwani, mashariki mwa Nairobi, mtaa wa wafanyakazi na maskini, na huko hakuwa mwalimu mkuu bali mwalimu wa kawaida, akipokea amri kwa wengine baada ya kutoa amri kwa zaidi ya miaka 30. Mawaziri wa serikali mpya waliokuwa wanafunzi wake walikuwa na ofisi upande mwingine wa jiji hilo hilo. Yeye alisahihisha madaftari ya watoto wa Pumwani na Eastleigh hadi mwaka aliofariki.

Kitabu cha maisha yake, kilichoandikwa na L. B. Greaves, kilichapishwa mwaka 1969. Mwaka huo huo Benjamin Kipkorir, mmoja wa waliosoma Alliance, alikamilisha tasnifu yake ya uzamifu kuhusu shule hiyo na chimbuko la tabaka la wasomi wa Kenya. Alichunguza bila upendeleo nani aliingia, nani alitoka, na nani alimsaidia nani. Aliiwasilisha Cambridge, chuo kikuu ambacho Francis alikiacha miaka 41 kabla ya hapo ili kwenda Maseno.