Vidole Viwili Vilivyotufunza Gitaa

Chanda chema huvikwa pete, walisema wahenga. Leo namkumbuka mtu ambaye vyanda vyake viwili, gumba na cha shahada, vilistahili pete kuliko vyanda vingi nivijuavyo, ingawa vijana wetu wengi hawamtambui hata kwa jina. Huyo ni marehemu Mwenda Jean Bosco, aliyejulikana pia kama Mwenda wa Bayeke.

Alizaliwa mwaka wa 1930 huko Bunkeya, Katanga, katika nchi iliyoitwa wakati huo Kongo ya Kibelgiji. Bunkeya ndiko Msiri, mfanyabiashara mwenye asili ya Unyamwezi, alikoweka makao ya ufalme wa Wayeke katika karne ya 19, na ndiko alikouawa mwaka wa 1891 nchi yake ilipokuwa ikinyakuliwa na watu wa Mfalme Leopold. Kiswahili kilifika huko kwa njia za misafara, kikakomaa katika miji ya migodi ambako wafanyakazi wa makabila mengi walikihitaji ili waelewane. Bosco alipoimba Kiswahili, alikuwa akiimba lugha ya mtaani kwao.

Mwaka wa 1952 mtafiti Hugh Tracey alimrekodi katika mji wa Jadotville, unaoitwa leo Likasi. Miongoni mwa nyimbo alizozinasa ulikuwamo Masanga. Anayeusikia kwa mara ya kwanza hudhani wapigaji ni wawili. La hasha! Ni mtu mmoja, gitaa moja lisilo na umeme. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene likishika mapigo, na kidole cha shahada kinarukaruka kwenye nyuzi nyembamba kikisimulia hadithi yake.

Mwishoni mwa miaka ya hamsini na mwanzoni mwa miaka ya sitini, Bosco na binamu yake Edouard Masengo waliishi Nairobi kwa vipindi. Bosco alikuwa na kipindi chake redioni, na wapigaji gitaa wengi wa Kenya walimsikiliza na kumfuata. Hakufungua shule wala hakuandika kitabu. Redio ilitosha.

Mmoja wa waliomsikiliza alikuwa mjomba wangu. Kila Krismasi alirejea nyumbani kutoka mjini na gitaa lake begani, na jioni watu walikusanyika uani, mmoja wetu akigonga chupa ya soda kwa kijiti. Likizo moja niliazimia kuujua wimbo wa Masanga. Kwa majuma mawili niliuiga, nukta kwa nukta, hadi nikampigia mjomba bila kukosea. Nilitarajia sifa. Mjomba alinyamaza kidogo, akaniuliza hiyo ilikuwa Masanga ya Bosco. Yangu iko wapi? Siku hiyo niliona ameninyima haki yangu, nikaliweka gitaa chini kwa hasira.

Miaka mingi ilipita kabla ya kuelewa. Mtaalamu David Rycroft alizichambua rekodi za Bosco katika miaka ya sitini, akaziandika sauti zake kwa alama za muziki, na jambo lililomshughulisha hasa ni ubunifu wa papo hapo. Bosco alikuwa na njia kuu, lakini kila alipoipita aliichepukia kwingine, akaongeza hiki na kuacha kile, kisha akarejea nyumbani salama. Kuiga mara moja ya wimbo huo ni kama kukariri mazungumzo ya mtu na kudhani umejifunza lugha yake.

Wageni waliitambua thamani hiyo. Bosco alialikwa kwenye tamasha la Newport, Marekani, mwaka wa 1969. Mwaka wa 1979 Mwingereza John Low alifunga safari hadi Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, ili akajifunze upigaji huo kwa wenyewe, kisha akaandika kitabu kuhusu safari yake. Sisi tuliokuwa na mafundi wa aina hiyo nyuani mwetu tulifikiri watakuwapo daima. Bosco alifariki katika ajali ya barabarani nchini Zambia mwezi wa Septemba mwaka wa 1990. Mjomba wangu naye ametangulia, na Masanga yake amekwenda nayo. Hakuna aliyeirekodi, nami niliyekuwa karibu zaidi nilikuwa nimenuna.

Siku hizi kijana hujifunza gitaa kwa kutazama simu, akifuata kila mahali kidole kinapowekwa. Simlaumu, nami nilianza kwa kuiga, na bila kuiga hakuna msingi. Ninalomwomba ni kwamba asiishie hapo. Likizo ijayo, na amtafute mzee mwenye gitaa kijijini kwao, aketi karibu naye, na amsikilize akipotoka njiani na kurejea. Na mzee akimuuliza wimbo wake uko wapi, asinune kama mimi. Aulizwe, ajaribu, akosee, ajaribu tena.

Mcheza kwao hutunzwa. Tusingoje wageni watutunzie wachezaji wetu.