Grottanelli, Mtaliano aliyewaandika wavuvi wa Kibajuni

Vinigi Lorenzo Grottanelli hakuwa mfanyabiashara, lakini wasomaji wetu wanaosafirisha samaki kati ya Kismayo na Lamu wana sababu ya kulijua jina lake. Mwaka 1955 alichapisha mjini Roma kitabu kuhusu Wabajuni, watu wa Koyama, Chovai, Chula na visiwa vingine vilivyopangana kusini mwa Kismayo. Jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Wavuvi wa Bahari ya Hindi.

Alizaliwa Italia ya kaskazini mwaka 1912. Alipofika utu uzima, Italia ya Mussolini ilikuwa imeivamia Ethiopia, na wasomi walifuata nyuma ya majeshi. Mwaka 1937 alikuwa katika msafara wa utafiti wa Ziwa Tana. Matunda yake, yaliyotoka 1939, yalihusu jiografia na uchumi wa wakazi wa eneo hilo: wanakaa wapi, wanalima nini, wanaishi kwa nini. Tusifiche jambo. Maarifa ya aina hiyo yalitakiwa na mtawala aliyetaka kujua amepata nini, na mwanakijiji aliyeulizwa ana ng'ombe wangapi alikuwa na kila sababu ya kupunguza idadi. Mwaka uliofuata akatoa kitabu kuhusu Wamao, jamii ndogo ya magharibi mwa Ethiopia, karibu na mpaka wa Sudan, iliyobanwa kati ya majirani wakubwa. Tangu hapo jamii ndogo za pembezoni zikawa kazi yake.

Baada ya vita alifanya kazi katika jumba la makumbusho la Pigorini, Roma, akafundisha pia chuo kikuu mjini humo. Makumbusho humfunza mtu kupima. Ndoano ina urefu wake na mtego una matundu yake. Lakini ndoano iliyolala ndani ya kabati la kioo haisemi nani aliitumia wala samaki waligawanywa vipi.

Umoja wa Mataifa uliikabidhi Italia udhamini wa Somalia kwa miaka 10 kuanzia 1950, na mwanzoni mwa kipindi hicho Grottanelli akaenda kwa Wabajuni. Aliwakuta watu waliokatwa na mpaka mchanga sana. Hadi 1925 Kismayo na visiwa vyake vilikuwa chini ya Mwingereza, sawa na Lamu. Mwaka huo Uingereza ikaikabidhi Italia nchi ya ng'ambo ya Juba. Mzee wa Koyama aliyeoa Faza au Kiwayu akajikuta ana wakwe katika koloni jingine bila yeye kuhama. Pepo za kaskazi na kusi hazikubadili ratiba kwa ajili ya mkataba huo, wala majahazi.

Chukua mfano mmoja wa maisha aliyokwenda kuyaandika. Wabajuni walijulikana kwa kuvua kasa kwa kutumia samaki mwingine, chazo, yule mwenye kinyonyeo kichwani. Chazo hufungwa kamba mkiani na kuachiwa karibu na kasa. Humganda kasa mgongoni, na mvuvi huivuta kamba taratibu. Karani wa forodha angeandika idadi na uzito wa magamba ya ng'amba yaliyopita bandarini, na hesabu yake ingekuwa ya kweli. Isingemwambia lolote kuhusu ujuzi wa kumtunza chazo, mgawo wa nahodha na mabaharia, au kwa nini vijana wanaiacha kazi hiyo. Kwa upande mwingine, msafiri aliyeketi barazani akasikiliza hadithi za kasa usiku kucha angeondoka akidhani kisiwa kizima kinaishi kwa kasa, kumbe labda ni mashua mbili tu.

Ndiyo maana watafiti wa jamii leo wanahimiza takwimu na maelezo yaende pamoja. Neno hilo linaonekana la darasani, lakini Wabajuni wenyewe wanatoa somo gumu zaidi. Kwa desturi hujihesabu kuwa koo 18. Waombe wazee wazitaje, na orodha hazilingani: watafiti mbalimbali wamechapisha orodha zinazopishana, jina likiingia hapa na kutoka pale. Mwenye haraka atasema wazee wamesahau. Mimi naona 18 si jibu la sensa, ni namna ya watu kusema sisi ni wamoja na kila mmoja ana nafasi yake. Hiyo ni namba, lakini huielewi mpaka ukae na mtu akueleze. Na huwezi kugundua kwamba orodha zinapishana mpaka uwe umezihesabu.

Grottanelli naye alionja ugumu huo. Mwaka huohuo wa 1955 aliandika kuhusu Shungwaya, mji ambao Wamijikenda, Wapokomo na wengine husimulia kuwa ndiyo asili yao. Aliuweka Bur Gavo, pwani ya bara kusini mwa visiwa. Mwaka 1968 Neville Chittick, mwanaakiolojia aliyechimba Kilwa, aliipita pwani hiyo akipima kuta na kuokota vigae. Hakuona Bur Gavo dalili za mji mkubwa wa kale wa kadiri iliyodaiwa. Masimulizi yalibaki na wenyewe, na hadi leo yanasimuliwa, lakini mahali palipotajwa kwenye kitabu pakatiwa shaka. Sioni aibu katika hilo. Grottanelli mwenyewe alikiita kitabu chake cha Wabajuni utafiti wa awali, na neno hilo lipo kwenye jalada.

Wasomaji wa mipakani wanaijua hali hii kwa njia yao. Nchini Uganda, Idara ya Takwimu na Benki Kuu hufanya utafiti wa biashara isiyo rasmi: makarani hukaa vituoni wakihesabu kinachopita kichwani, kwenye baiskeli na kwenye toroli. Hesabu hizo zimeonyesha serikali biashara ambayo vitabu vya forodha havikuiona. Lakini karani anayehesabu magunia hajui kwa nini mama mmoja amegawa mzigo wake kwa vijana watano, na asipouliza ataandika wafanyabiashara watano. Tangu Machi 2024 Somalia ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Siku makarani watakapofika Kismayo na Koyama, suala hili litakuwa mezani pao.

Kutoka Somalia Grottanelli alihamia upande wa pili wa bara. Kuanzia 1954 alirudi mara nyingi kwa Wanzema wa Ghana, akiwa na wenzake na wanafunzi wake, na juzuu mbili kuhusu jamii hiyo zikatoka 1977 na 1978. Huko alipata alichokikosa visiwani: muda. Mtu anayerudi mwaka baada ya mwaka huona mtoto akioa, ugomvi ukiisha au ukizaa mwingine. Mwaka 1988 kikatoka Chicago kitabu chake cha Kiingereza, The Python Killer, chenye visa vya Wanzema binafsi. Aliyeanza na uchumi wa wakazi wa ziwa zima akamalizia na mtu mmoja mmoja.

Alifariki mwaka 1993. Miaka miwili kabla, serikali ya Siad Barre ilikuwa imeanguka, na Wabajuni wengi walikuwa wamekimbia kwa mashua hadi Lamu na Mombasa wakiacha nyumba na vyombo vyao. Baadhi walifika Ulaya kuomba hifadhi, na huko wakatakiwa kuthibitisha kuwa ni Wabajuni kweli. Waliulizwa kuhusu visiwa, koo na lugha. Mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji la Uingereza lilitoa uamuzi wa kuongoza kesi hizo, na suala lake kubwa lilikuwa kama mwombaji anasema Kibajuni. Mbele ya ofisa, kijana aliyelelewa Mombasa tangu utotoni, anayesema Kiswahili cha mjini, alitakiwa kutaja koo za babu yake, zile 18 ambazo hata wazee hawazitaji kwa orodha moja.