Muyaka bin Haji, Mshairi wa Mvita

Sisi wa Mwamkulu tu mbali na bahari, lakini kila asomaye mashairi ya Kiswahili hana budi kumjua Muyaka bin Haji al-Ghassaniy. Alizaliwa yapata mwaka 1776, akaishi Mombasa, mji ambao wenyeji huuita Mvita, akafa yapata mwaka 1840.

Siku zile Mombasa ilitawaliwa na Mazrui, nao walikuwa wakishindana na Seyyid Said wa Oman. Muyaka alishika upande wa mji wake, akatunga mashairi ya kuwatia watu moyo na kuwajibu wapinzani wao. Aliishi hata akaona Seyyid Said akiitwaa Mombasa mwaka 1837. Lakini hakutunga mambo ya vita tu. Alitunga pia juu ya mapenzi, umaskini, urafiki na mafumbo ya watu wa mjini.

Muyaka hakupata kupiga chapa kitabu. Baada ya kufa kwake mashairi yalibaki vichwani mwa watu. Ilipita miaka arobaini na zaidi, ndipo Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi alipoyakusanya na kuyaandika kwa herufi za Kiarabu. Mmishonari Mwingereza, W. E. Taylor, aliyatia katika herufi za Kirumi, akaongeza maelezo. Karatasi zake ziliwekwa London. Mwaka 1940 William Hichens alipiga chapa diwani ya Muyaka huko Johannesburg, na mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akatoa kitabu kingine Nairobi.

Basi kati ya kinywa cha Muyaka na macho yetu imepita mikono mingi. Herufi za Kiarabu hazina p, na alama zake za irabu ni tatu tu. Kwa mwandiko wa zamani, popo na bubu huweza kuandikwa sawasawa. Tena Kimvita husema mato, si macho. Mpiga chapa akilibadili neno hilo lifanane na Kiswahili cha shuleni, kina cha -to huvunjika. Kwa hiyo wataalamu hulinganisha mwandiko na chapa, neno kwa neno, wakipima kwa vina na mizani.

Wanafunzi wenzangu, mkikuta shairi lenye kina kilichopotoka, msiseme upesi kwamba mtunzi hakujua kazi yake. Tazameni kwanza lilivyoandikwa zamani.

Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Kama angalingoja miaka michache tu, huenda mengi ya mashairi hayo yangalipotea pamoja na wazee waliokuwa wakiyakumbuka. Hapa kwetu pia wako wazee wenye nyimbo ambazo hazijaandikwa. Likizo inakaribia. Twendeni na daftari, tuandike kama wanavyosema wao, wala tusiyasahihishe maneno yao.